Kiganja Ukutani

Uliposema tofali haliungui, Mbaruku,
nilikuamini. Limepita tanuruni, ulisema,
limekwisha kuungua kabla halijawa ukuta,
litaogopa nini jiko kuukuu la mnadani?
Tukalisukuma hadi mgongo wake ukagusa,
ili kochi lienee, na meza, na kitanda cha Mwanaidi,
maana sebule yetu ya Lewiston ni ndogo
na Januari ya Maine haipigi hodi.

Akaja Thibodeau wa nyumba ya pili,
barafu imemganda masharubuni,
na toroli la kuni za mwaloni, kavu, za misimu miwili.
Akalitazama jiko. Hakusema neno.
Akazunguka chumba cha nyuma, akafungua
kifuniko cha swichi kwa bisibisi yake,
akamulika tochi, akatuita tuchungulie:
nyuma ya tofali, karibu kuliko nilivyodhani,
nguzo za msonobari
zimesimama gizani, zinasikiliza.

"Tofali haliungui," alisema,
"lakini halitunzi siri.
Likiambiwa joto, linapeleka.
Jioni hii, jioni ile, miaka sita, saba,
mbao inakauka hadi kwenye kiini,
inakuwa mkaa bila kuona mwali.
Siku itakapowaka
hamtakuwa mmefanya lolote jipya."

Kibandiko cha kiwanda kilikwisha kubanduka,
hakuna wa kutuamulia. Akavuta futi kamba:
inchi thelathini na sita.
Ulicheka, ile cheko yako ya kukataa.
"Si nusu ya sebule hiyo!"
Au bati, alisema, lisimamishwe mbele ya ukuta,
lisiulalie, liachwe nafasi ya inchi moja,
wazi chini, wazi juu, hewa ipande.
Hapo mnaweza kusogea, inchi kumi na mbili.
Nikauliza, kwa hiyo bati ndilo kinga?
Akatikisa kichwa. "Ni ile hewa, mama."

Kwetu Pangani mafiga yalikaa uani,
hakuna aliyepima.
Upepo ulipima, na mama
alipoinua mguu wake na kusema, aa!
Huku moto tumeuingiza ndani,
tumeufungia mlango, tukauvika bomba,
kisha tukaudhania umefugika.

Kochi tuliliuza. Wewe ndiwe uliyelibeba,
umenuna, hadi kwenye gari la mnunuzi.
Bati ulilipigilia mwenyewe Jumapili nzima,
ukipima, ukipima tena, na Mwanaidi
akikushikia misumari mdomoni mwake
hadi nilipomkemea.

Sasa nyuma ya jiko hapawekwi kitu.
Si ufagio, si soksi mbichi, si kuni za kesho.
Nikiamka usiku kuongeza gogo
nazunguka kwanza chumba cha nyuma, pekupeku,
naweka kiganja ukutani, nahesabu hadi ishirini.
Usiku wa kwanza ule, kabla ya Thibodeau,
niliuondoa mkono kwa haraka
na sikukuambia.
Leo ukuta ni vuguvugu tu,
kama paji la mtoto
homa ikishamtoka.