Tuko Mmoja

"Mko wangapi?" anauliza kijana wa mlangoni,
kalamu sikioni, macho yamepita bega langu
kana kwamba ngazi itawatapika wengine.
Tuko mmoja, namjibu.
Hacheki. Ananipeleka kule kule,
meza ya kando ya choo, yenye mguu mfupi
uliokingiwa kwa bili ya mtu, imekunjwa mara nne.

Si kwamba nyumbani hakupikiki.
Daftari la mama limeandikwa kwa watu kumi na wawili:
mayai manane, kuku, "na mwingine wa akiba",
kilo nzima ya jozi
(hata kokwa, jamani, zina jozi).
Nimejaribu kugawanya. Yai halina theluthi,
au linayo, na hukimbilia ukingo wa bakuli.
Jumapili nilichemsha maharagwe na giligilani.
Jumatatu nikayala nimekaa,
Jumanne nimesimama,
Jumatano kwa mwiko, sufuriani, taa nimezima.
Alhamisi tukaangaliana tu.

Na Zauri, mwokaji wa chini ya jengo letu,
anayezamisha kichwa tanurini hadi mabegani
na kuibuka na nyusi zake zote, sijui vipi,
nikimwomba nusu mkate
hunitazama kama niliyeomba nusu paka.

Ijumaa basi. Theluji ya Tbilisi imegeuka tope,
nimevaa hereni, nimekuja.

"Hinkali," namwambia kijana. "Tatu."
"Kuanzia tano."
"Na mtu akitaka tatu?"
"Huja na mwenzake."

Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo wasemavyo.
Mimi sina chawa. Nina njaa,
na vidole ninavyo vitano.
Lete.

Zinakuja zinafuka, zimefinywa mikunjo
kama pochi za bibi harusi, kila moja na kikonyo chake.
Unaishika hapo, unaipindua, unaing'ata pembeni,
kisha unanyonya mchuzi kabla haujakutoroka.
Uma ni aibu. Mazungumzo ni hasara.
Chakula hiki, nakuapia, kilibuniwa na mtu
aliyetaka kila mtu anyamaze.

Lakini meza ya pili hawanyamazi.
Wanaume tisa na kiongozi wa glasi,
shati limemkaba shingo, anasimama kwa kila funda:
kwa nchi, kwa mama zetu,
kwa waliotangulia, kwa watoto wa walio na watoto.
Kisha ananigeukia. Nilijua. Siku zote huwa zamu yangu
baada ya wafu na kabla ya jibini.
"Na kwa dada yetu pale. Mungu asimwache hivi!"

Hivi vipi?
Mchuzi umenifika kiwiko. Pilipili manga puani.
Nina ya tatu mkononi, nayo ni tamu kuliko ya pili.

Anacheka, mdomo wazi, nami nikaliona.
La juu, la pili kulia.
Mchana kutwa mimi huchonga meno,
kwanza ya nta, halafu ya kauri,
na lile ni langu, la Februari;
nilibishana na weupe wake siku mbili
mpaka likakubali kuzeeka kidogo, lifanane na jirani zake.
Hanijui. Daktari ndiye aliyeshukuriwa.
Lakini kila alichotafuna usiku ule,
mbavu, kachumbari, mama zetu, wafu wetu,
kilipita mikononi mwangu kwanza.

Nikainua glasi. "Lidumu," nikasema.
Akadhani nimesema "tudumu". Wote wakanywa.

Kijana akarudi kuondoa sahani.
Akahesabu vikonyo kwa ncha ya kalamu,
moja, mbili, mpaka tano, akarudia.
Vikonyo havijui kudanganya.
"Nikufungie...?" akaanza, akaona hakuna cha kufunga.

Nje lifti ya jengo letu inangoja sarafu yake,
ileile kwa mtu mmoja au kwa wanne.
Ingoje.
"Mwambie wa jikoni," nikasema,
nikivuta kiti karibu na meza inayoyumba,
"tunaongeza."