Kipya Kinyemi

Siku ya kulichukua nilivaa gauni la kustaafia.
Tela jekundu, taa zake bado zimevishwa nailoni,
na harufu ya rangi ikaishinda hata mvua ya Uyole.
Miaka thelathini na miwili ya kumeza vumbi la chaki
ilikuwa imesimama pale, juu ya matairi kumi na mawili:
kiinua mgongo changu chote,
na kashamba ka misonobari alikoniachia marehemu kule Mafinga.
Anyosisye akarudisha kichwa, polepole, polepole,
pini ikaingia kinywani. Ka!
Tukapiga makofi.

Kipya kinyemi, walisema wahenga.
Walikuwa na nusu ya pili, lakini siku ile
hakuna aliyeikumbuka.

Safari ya kwanza, viazi vya Isyonje.
Kabla ya Igawa taa za nyuma zikafa.
Nyaya, aliniambia kwa simu, zimeunganishwa
kwa utepe wa mfuko wa rambo.
Safari ya pili, tairi za kushoto zikaliwa upande wa ndani,
zikabaki na upara.
Ya tatu, Kitonga, kwenye ile kona,
mshono wa chesisi ukaachama
upana wa kidole cha mtoto.

Mgongo. Nilinunua mgongo uliovunjika
kwa kiinua mgongo.
Nilicheka peke yangu jikoni hadi chai ikapoa.

Mizani ya Makambako nayo ikasema
ekseli ya kati inabeba kuliko wenzake.
Mimi nilifundisha mizani! Nane kwa nane,
tukihesabu silabi kwa vidole,
na kuna kijana, Lwitiko, nilimchapa
kwa mstari uliozidi silabi moja.
Lwitiko, kama uko hai, nisamehe.
Waliounda tela langu hawajachapwa na mtu.

Kiwandani wananiita Mama.
Barabara zenu, Mama.
Dereva wako, Mama.
Waranti haigusi matairi, Mama.
Njoo Jumatatu, fundi mkuu atakuwepo.
Nimeshakwenda Jumatatu nne.
Fundi mkuu namjua kwa koti lake tu,
linaning'inia nyuma ya mlango.

Basi nikachukua uzi wa kushonea,
nikajitanda koti la baridi, nikaingia uvunguni.
Kutoka kwenye pini hadi ncha ya kulia ya ekseli,
kutoka kwenye pini hadi ncha ya kushoto.
Darasa la sita wanajua: pembetatu pacha,
pande mbili zilingane.
Hazikulingana. Vidole vitatu.
Vidole vitatu vilivyokula tairi nne,
na ada ya mjukuu wangu Tusajigwe.

Nikaitazama ile mishono, mmoja mmoja, kwa tochi.
Inapanda, inashuka, inaruka mstari,
mwandiko wa darasa la pili siku ya Ijumaa
kengele ikikaribia kulia.
Chaki ilikuwa mfukoni. Bado huwa natembea nayo.
Penye kila kosa nikaandika: Rudia.
Rudia. Rudia. Jina lako liko wapi?

Aliyerudia ni Sambwe wa Mwanjelwa,
asiye na kiwanda wala waranti wala koti mlangoni.
Alikata, akasaga, akachoma siku mbili,
akanidai fedha za viazi vya mwezi mzima.
Hakuomba radhi kwa niaba ya mtu yeyote.
Alipaka rangi nyekundu isiyofanana na ile ya kwanza,
na makovu yanaonekana ukiwa mbali.

Usiku nalala, dirisha linatazama barabara ya Tunduma.
Malori yanapita, sihesabu.
Kisha linakuja moja lenye kizuia tope kinachogongagonga,
kile alichosema Sambwe tukiache kwanza, pesa imeisha,
na mimi nageuka upande wa pili:
Anyosisye amerudi. Langu hilo.
Ingawa kidonda.