Bakuli Lililokuwa Njiani

Barua ya manispaa ilifika Jumanne, imelowa.
Mama mkwe akaianika juu ya sufuria ya mchuzi
ikakauka inanuka kome na kitunguu.
Soma, akaniambia. Nikasoma:
kuanzia mwezi wa tatu, bakuli la kutupa marufuku,
kifuniko cha kutupa marufuku,
kijiko cha plastiki apewe tu
anayekiomba kwa kinywa chake.
Kwa kinywa chake, akarudia Pyo Geum-ok,
kana kwamba kijiko ni mchumba.

Stoo tulikuwa na vifuniko elfu mbili mia tatu.
Nilivihesabu usiku, maana bwana afya,
yule Ma Hyeon-cheol mwenye kalamu tatu mfukoni,
alisema atakuja kuvihesabu mwenyewe.
Tambi zetu huliwa kwa dakika kumi.
Kifuniko kingetuzika sote,
mimi, mke wangu, duka,
na huenda Gunsan yenyewe.

Asubuhi mama mkwe akapanda darini
kwa ngazi aliyokatazwa na daktari,
akaanza kunipokeza mabakuli ya melamini,
rangi ya kijani ya chura,
yamefungwa gazeti lenye picha ya mechi
ambayo hakuna anayekumbuka nani alishinda.
Kitakoni mwa kila moja, namba ya simu
iliyokwisha kufa.
Zamani, akasema,
hakuendelea. Akafungulia bomba.

Zamani yenyewe ndiyo hii:
mteja akishiba huacha bakuli mlangoni,
hulifunika gazeti, na mchukuzi
hupita magharibi kuliokota.
Hakukuwa na sheria. Kulikuwa na ngazi, na miguu.
Sasa kuna lifti na milango ya namba za siri,
na miguu ni yangu,
na goti la kushoto lina maoni yake.

Siku ya kwanza yalitoka thelathini na moja.
Yakarudi ishirini na mawili.
Moja, vichungi vya sigara vikiogelea.
Moja limesuguliwa hadi linalia ukiligusa.
Kijana wa ghorofa ya tisa
alikuwa amelitia samaki wake wa mapambo
huku akisafisha tangi; akaniomba hadi kesho.
Mama mkwe aliandika yote ukutani kwa chaki.
Plastiki haikutudai, nikamwambia, nimechoka.
Ilidai, akasema.
Ila deni halikuandikwa kwa jina letu.

Wiki ya pili nikapanda jengo la nyuma ya kiwanda cha barafu,
lisilo na lifti,
mlango wa Bi Tak Sun-im.
Akanipa mabakuli mawili.
La jana, nalijua.
La pili limepauka upande mmoja, upande wa dirisha,
limejaa vifungo vya mashati.

Hili nilikulia, akasema,
siku mume wangu alipohama.
Siku zote tuliweka mawili mlangoni.
Jioni ile ningeweka moja,
na majirani wanajua kuhesabu.
Basi likabaki ndani.
Mwaka ukaenda na mwenzake, nikaona aibu ya pili.

Alitaka kuvitoa vifungo. Nikamzuia.
Nikashuka taratibu, mkono mmoja ukutani,
vikisemezana ndani ya bakuli kila ngazi.

Mama mkwe aliligeuza, akasoma namba.
Chaki ilisimama hewani.
Ukuta ule ulijua kuongeza na kufuta,
haukuwa na safu ya kitu kama hiki.
Akachagua kifungo cheusi, cha matundu manne,
akanivua koti nikiwa nimesimama,
akakishona pale palipokuwa wazi
tangu baridi ya mwaka juzi.

Bwana afya alikuja Alhamisi.
Vifuniko: elfu mbili mia tatu. Akaandika.
Mabakuli yaliyotoka, yaliyorudi. Akaandika.
Kisha kalamu ya tatu ikaelekea rafu ya juu.
Na hilo? Mbona haliko kwenye orodha?

Geum-ok hakuinua macho, anakata vitunguu.
Hilo, akasema, lilikuwa njiani.