Maji Yanakokwenda

Kila asubuhi nilimimina kikombe kimoja,
kikombe cha plastiki, cha buluu, kilichokatika mkono,
kabla ya kufunga sanduku la chanjo nyuma ya kiti.
Nikajiambia: hata pikipiki ina kiu, kama ng'ombe.
Mwezi wa pili kikombe kikawa viwili.
Mwezi wa tatu nikabeba mtungi.

Wenzangu wa stendi ya Majengo walinicheka.
Zao hupozwa na upepo, hazijui maji ila ya mvua.
Yangu niliinunua mnadani,
mali ya shirika lililofunga virago,
na hakuna aliyenipa kitabu chake.

Alhamisi, mlima wa kutoka Mamboleo,
lori la miwa likijikokota mbele yangu,
taa nyekundu ikafumbua jicho.
Harufu ikanifikia, tamu,
kama sukari iliyosahauliwa jikoni.
Kiboswa nikasimama, mkono tayari kwenye kifuniko,
na mchoma mahindi akaniruka kwa kelele:
"Wacha! Unataka uso uive?"
Akainua kidevu. Kovu lake lilikuwa la rejeta ya trekta,
mwaka asiopenda kuutaja.

Fundi Mmbone hakuniuliza habari za safari.
Alitandika gunia, akalala chali.
"Unaongeza maji kiasi gani?"
Nikamwambia.
"Na hujawahi kuyauliza yanakwenda wapi?"
Nilikuwa na majibu mawili, yote ya uongo.

Akaiosha injini kwa petroli na mswaki uliochakaa,
akaikausha kwa fulana, akainyunyizia poda ya mtoto
mpaka kile chuma cheusi kikafanana
na kijana wa kinu cha unga saa za kufunga.
"Washa. Halafu tusiseme."

Paipu ya juu, kavu.
Ya chini, kavu.
Vibano vimeshika. Rejeta,
niliyoilaani njia nzima, haina hatia.
Tukangoja. Mbuzi akapita, akatutazama, akaenda zake.
Kisha chini ya pampu poda ikalowa,
uzi mwembamba, kijani kilichofifishwa na vikombe vyangu.
Tone.
Kimya kirefu.
Tone.

"Kuna tundu hapa," akasema, "na si la jiwe.
Waliounda waliliacha makusudi.
Ndani mna sili mbili, ya maji na ya oili.
Ya maji ikichoka, tundu linalia nje, upate kujua,
kabla maji hayajaingia kwenye oili kimyakimya."
Akachokoa kwa waya. Kikatoka kipande cheupe.
Akakinusa.
"Na hii sabuni, nani kaiweka?"
Nikasema sijui.
Akanitazama kwa muda uleule mbuzi alionitazama.

Sili ilikuja kesho yake kutoka Kisumu, ndani ya bahasha,
haizidi sarafu ya shilingi ishirini.
Aliiketisha kwa soketi na kipande cha mti,
pigo kwa pigo, kama anayebisha mlango wa mgonjwa.
Akamimina kipoozi, nusu, na nusu maji ya mvua
("ya kisima hujenga mawe humo ndani"),
akailaza pikipiki kushoto, akailaza kulia,
na mapovu yakapanda moja moja.
"Hewa nayo lazima itoke," alisema.
"Ikibaki, hujifanya maji. Nawe unaamini."

Usiku nilitandaza boksi la biskuti chini yake.
Niliamka mara mbili na tochi, sikuinama.

Kulipokucha nililivuta boksi.
Kavu. Siafu wawili tu, wakipita.
Kikombe cha buluu kilikuwa mkononi mwangu,
mkono ulishakijaza wenyewe, kwa mazoea.
Nikasimama nacho kidogo, sijui pa kukimwaga.
Nikanywa.