Mlinzi wa Tatu

Mume wangu huuawa siku za Jumanne,
mara nyingine na Alhamisi, wakilipa ziada.
Anaitwa Ödön, ila kwenye karatasi zao
ni Mlinzi wa Tatu.
Kofia humficha mvi. Hasemi neno.
Hugeuka, hushtuka, huanguka.
Shujaa humruka bila kukunja suti.

Budapest nayo haiitwi kwa jina lake.
Wiki iliyopita daraja letu lilikuwa la Moscow,
theluji ikamwagwa kwa mashine, Julai,
watu wakitota jasho ndani ya manyoya.
Sasa ni Berlin. Wamesimamisha ukuta wa mbao
mbele ya duka la Bi Gizella,
naye anauza mkate kwa mlango wa nyuma.

Sheria zao nimeshazikariri:
bomu husubiri sekunde ya mwisho;
adui akishamfunga mtu kamba
lazima kwanza amhubirie mpango wake wote;
mwenye gauni jekundu ana bastola;
na mkoba unaobadilishwa bustanini
hakuna anayeuliza una nini.
(Nilichungulia. Magazeti, na soksi moja.)

Sisi tulijua upelelezi usio na magari ya kukimbizana.
Kikulacho ki nguoni mwako;
chetu kilivaa aproni.
Bi Piroska wa ghorofa ya chini
alikuja kuazima sukari, akakaa, akaisifu supu,
na kikombe akakirudisha kimejaa pomoni.

Serikali ile ilipoanguka tuliomba jalada letu.
Kurasa mia mbili na kumi na moja, mwandiko wake:
Saa kumi na mbili. Mke amenunua vitunguu.
Mume amebadilisha balbu ya ngazini.
Saa tatu usiku. Wanacheka. Sababu haijulikani.

Mstari huo niliurudia mpaka karatasi ikalegea.
Hata mimi sababu siikumbuki.

Jana Ödön amerudi na matundu matatu kifuani,
damu ya sharubati imegandia vifungo.
“Nimekufaje?”
“Vizuri. Ila ulifumba macho mapema.”
Nikaloweka shati kwenye maji baridi,
marehemu akaomba supu, akaongezwa,
tukaangua kicheko,
kisha, kwa mazoea ya zamani, tukakishusha.

Chini, redio ya Piroska ikazimwa ghafla.

Tukatazamana.
Ödön akagonga sakafu kwa kisigino, mara mbili,
tukacheka upya, kwa sauti yote,
aandike.