Saranda Juu ya Mlango

Mlango ulitoka nyumba iliyobomolewa Kizota.
Nimeulaza juu ya matofali, kitasa bado kinaning'inia;
hapo penye tundu la ufunguo patakuwa kisima.
Nilianza na mataruma: njiti za kiberiti mia nne na kumi,
nikazikata vichwa moja moja, mke wangu akiuliza,
"Baba Ndahani, na jikoni nitawashia nini?"

Reli ni spoku za baiskeli.
Kokoto ni mchanga wa korongoni,
nimeuchekecha kwa chujio la chai mara tatu,
maana punje moja ikizidi inakuwa jabali
na treni haipiti.
Kopo la dawa ya mbu ndilo kichwa cha treni;
bado linanuka, sisimizi wanalikwepa.
Mabehewa ni maboksi ya majani ya chai.
Madirisha nimeyatoboa kwa wembe,
kidole kimoja kikalipa nauli.

Kengele ni ufunguo uliokatika, nimeutundika kwa uzi.
Ukiugonga kwa msumari unalia, ti,
kama mtu aliyeanza kusema akaghairi.

Nikafika kwenye paa. Nikakwama.

Miaka tisa nimeishi hatua mia kutoka stesheni ile
na sijui paa lake lilikuwa na rangi gani.
Nampigia dada yangu Mbeleje, yuko Itigi:
"Jekundu," anasema, "jekundu kabisa."
Namuuliza Masinjila, aliyekuwa akishika bendera:
"Bati tupu, bwana. Rangi ingetoka wapi?"
Mchana ilikuwa nyumba tu, na nani aangalie nyumba
wakati ndege wako kwenye mtama?
Saranda ninayoijua mimi ilifika saa saba usiku,
taa mbele, vumbi nyuma,
ikakaa dakika ishirini,
ikaondoka na treni.

Basi paa nimeliacha na rangi ya boksi.
Nazima balbu. Nawasha vitaa vya tochi ya Kichina,
kumi na kimoja, kimoja kwa kila mama,
na stesheni inaamka yote:
masinia, pilipili kwenye karatasi,
kuku waliokaangwa kwa mafuta ya alizeti.
"Kuku huyo! Wa moto!"
Hiyo sauti sikuitengeneza,
imekuja yenyewe.

Yule wa mwisho, kule jukwaa linakoishia, ni mama yangu.
Nimemfinyanga kwa nta ya mshumaa,
nikamvunja mgongo mara mbili nikimsimamisha.
Mkono mmoja kwenye sinia, mwingine dirishani.

Usiku ule abiria alipokea kuku mzima,
akasema ngoja, hela imeanguka chini ya kiti,
akaitafuta mpaka filimbi ikalia.
Mama akakimbia sambamba na magurudumu,
mimi nyuma yake na koroboi,
mpaka jukwaa likaisha,
na yeye akaendelea kidogo.
Tulirudi nyumbani kimya.
Alicheka mara moja tu, mlangoni,
alipogundua amevaa kandambili moja.

Hapa mkuu wa stesheni ni mimi.
Mkono wa ishara nimeuganda kwa gundi.

Mjukuu wangu Chibago, kidevu ukingoni mwa mlango,
anauliza, "Babu, inaondoka saa ngapi?"
"Bado."
"Inangoja nini?"
Namwonyesha behewa la tatu, dirisha la pili,
abiria wa njiti, ameinama.
"Anatafuta hela."

Chibago anachungulia muda mrefu,
jicho moja kalifumba.
Halafu anatoa mfukoni mia yake ya barafu,
anailaza jukwaani.
Ni kubwa kuliko mama na sinia lake.
"Sasa?" anauliza.