Herufi Iliyonipa Kisogo

Julai, Mafinga. Saa mbili asubuhi
na jua bado limelala huko kwenye misindano.
Jiko langu linakula maranda ya mbao,
uji wa ulezi unatokota bila haraka,
nami mwiko mkononi, mlango wazi,
naitazama chekechea ya masista kupitia dirisha lake.

Leo binti wa chuoni anapimwa.
Sabina Ngailo, mwaka wa pili,
kavuka ua na andalio la somo kifuani
kama mtu aliyebeba trei ya mayai.
Kadi za irabu alizochora usiku kucha
ukungu umezilowesha papo hapo njiani:
A imekuwa kilima, O dimbwi.
Nyuma ya darasa, kwenye kiti cha mtoto,
mkufunzi Kiwele, magoti kidevuni,
kalamu imeshaelekezwa kwenye fomu.

Alichosema Sabina sikukisikia.
Nikaona tu watoto ishirini na mmoja
wakikimbilia dirishani, masweta ya bluu, makamasi,
wakikipulizia kioo, haa! haa!
hadi kikawa cheupe chote,
kisha vidole.

A. E. I. O. U.

Mimi nasomea nje,
na shule niliiacha darasa la tatu, mwaka wa njaa.
Nne nilizitambua, upande wowote ni zilezile.
E peke yake
ilinipa kisogo.

Mwenye E ni Elpidi, wa dereva wa magogo.
Tangu Mei hajampa mtu hata shikamoo.
Mwacheni, husema Sista Auksilia,
ulezi hauivi kwa kuhimizwa.
(Yeye hajawahi kupika ulezi. Nimemsamehe.)

Basi huyo Elpidi akatoka.
Hakuomba ruhusa, hakuvaa viatu,
akaja kusimama ubavuni mwangu, kidole kimelowa,
akaitazama E yake kutoka huku kwetu wapishi,
ilivyogeuka, meno yote matatu
yakielekea barabara ya Makambako
aliyoondokea mama yake na begi la kijani.

"Inaangalia nyumbani," akasema.

Sauti nzito kidogo, ya mtu aliyeamka.

Uji ukafurika, ukaunguza maranda. Niliusikia.
Kule ndani Kiwele anaandika kitu,
Sabina anatafuta mtoto wa ishirini na moja
na kioo kimeanza kutiririka.

Nilimkinga Elpidi na baridi kwa kanga yangu,
nikamchotea kikombe cha kwanza,
sukari
nikaisahau.
Alikunywa hivyo hivyo.